Neno Mgongoni mwa Gari

Mpenzi wa tungo akisimama kituoni Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hawezi kuiacha mizani nyumbani. Kwenye kioo cha nyuma cha gari linalopita husoma: "Gari hili linalindwa kwa damu ya Yesu." Kipande cha kwanza kina mizani nane barabara, sawa na mshororo wa utenzi; cha pili kina sita, kikabaki chapungua. Angeandika "kwa damu ya Bwana Yesu", mtunzi wake angekuwa ametimiza kazi.

Huenda hesabu hizo zikaonekana mzaha. Lakini watu wa visiwani, ambao kwao kanga haikamiliki bila jina lake, hawana haki ya kudharau maandishi mafupi. Tena kanga na kibandiko cha gari vina tabia moja: vyote husomwa na aliye nyuma. Mwenye kanga humtupia neno jirani anayemsindikiza kwa macho. Mwenye gari humtupia dereva aliyekwama kwenye foleni, asiye na pa kukimbilia. Ila kanga hupenda kumficha aliyekusudiwa, ilhali kibandiko cha dini aghalabu huwa kimekwisha kusema kila kitu kabla msomaji hajafikiri.

Aghalabu, si daima. "Ebenezer", neno linalopakwa kwenye mabasi, malori na vibao vya maduka, ni fumbo hasa. Asiyejua hupita akidhani ni jina la mwenye gari. Ajuaye hukumbuka Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 7, ambapo nabii alisimamisha jiwe baada ya Waisraeli kuwashinda Wafilisti na kuliita hivyo, yaani jiwe la msaada, kwa kuwa Mungu alikuwa amewasaidia kufika pale. Uzuri wa neno umo katika "pale" hiyo. Halisemi lolote juu ya kesho. Gari lililotoka Mbagala likafika Kariakoo linashukuru kwa safari iliyokwisha. Ya kurudi haijaandikwa.

Kibandiko cha damu hufanya kinyume: huahidi barabara iliyo mbele. Hapo ushuhuda hugeuka hirizi, na hirizi haihitaji mshairi. Mitepe ya zamani ilichorwa macho kwenye omo, lakini nahodha hakuacha kutazama kwa yake. Dereva wa daladala anayekimbizana na hesabu ya tajiri hana budi naye kutazama, maana roho za abiria zimo mikononi mwake, si kwenye kioo. Na imani ile iliyoandikwa ni ya nani? Pengine tajiri ndiye aliyelichagua neno, na dereva, ambaye huenda ni Mwislamu, hulibeba mgongoni siku nzima na kulaumiwa kwalo.

Huko Marekani utanzu huu umezaa malumbano ya kweli. Samaki wa mistari miwili anayebandikwa nyuma ya magari ni fumbo la kale: herufi tano za neno la Kigiriki lenye maana ya samaki ni vianzio vya maneno Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Wapwani waliozoea tungo zinazofuata herufi, alifu hadi ye, wataitambua hila hiyo mara moja. Tangu miaka ya 1980 wapinzani wakajibu kwa samaki mwenye miguu, aliyeandikwa Darwin tumboni. Waumini nao wakarudi na samaki mkubwa anayemmeza huyo wa miguu. Kwa kujibizana ni hodari, kwa ushairi ni hasara: samaki wa kwanza alikuwa fumbo, wa tatu ni ngumi.

Ushuhuda mzito kuliko yote hayo ulitolewa kwa kufunika maneno. Katika miaka ya 1970 George Maynard, Shahidi wa Yehova wa New Hampshire, alifunika kwa utepe kaulimbiu ya jimbo iliyo kwenye kibao cha namba za gari lake, inayowataka watu waishi huru au wafe, kwa kuwa imani yake haikukubaliana nayo. Alitozwa faini, akakataa kuilipa, akafungwa siku 15. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki, katika kesi ya Wooley dhidi ya Maynard. Kilichozua yote hayo si aya wala samaki, bali kipande cha utepe, na aliyekuwa nyuma ya gari lile alibaki kujiuliza chini yake mna nini.