Hadithi ya Kurudi Kileleni

Mkazi wa Mukendo, mjini Musoma, huishi jirani na Ziwa Viktoria, Kilimanjaro hauoni. Mlima huo humfikia kwa njia ya maneno: kwa masomo ya darasani, kwa masimulizi ya wasafiri, na kwa hotuba ya mtu wa Butiama, Julius Nyerere, ambaye mwaka wa 1959 alinena juu ya kuuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge huo, na kilele kikapewa jina la Uhuru. Kwa msomaji wa namna hii mlima ni hadithi kwanza, mawe na barafu baadaye. Basi yapasa hadithi yenyewe ihakikiwe.

Iliyo mashuhuri kupita zote ni hadithi ya Hans Meyer, Mjerumani. Mwaka wa 1887 alifika penye barafu ya Kibo, akashindwa kuipita, akarudi chini. Mwaka wa 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann, lakini vita vya Abushiri vilikuwa vimekwisha kuwaka. Wote wawili walikamatwa, wakakombolewa kwa fedha, na mlima hawakuufikia. Mwaka wa 1889 alikuja mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, na tarehe 6 Oktoba wakasimama juu ya kilele. Wasimulizi wengi humalizia hapo, na aliye Mswahili huongeza methali: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Methali ni ya kweli, walakini yahitaji kuulizwa swali moja: nani aliyelifua koleo la pili? Msimulizi wa haraka hujibu kwamba ni moyo wa Meyer. Kitabu chake mwenyewe, kilichotolewa mwaka wa 1890, chatoa jibu lililo pana zaidi. Safari hii zilipangwa kambi njiani, nazo zikatiwa chakula, ili wapandaji wakishindwa siku moja wasilazimike kushuka mpaka vijijini. Na kweli walishindwa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, wakaona kwamba mahali palipo juu kabisa pangali mbali, nao wamechoka na saa zimekwenda. Wakashuka. Kwa kuwa kambi ilikuwako karibu na chakula kilikuwamo, walipumzika, wakapanda tena baada ya siku tatu. Lau kambi isingalikuwako, tarehe 3 Oktoba ingalikuwa mwaka wa 1887 kwa mara ya pili.

Kambi haijipandishi mlimani. Palikuwa na wanyapara, na wapagazi waliopanda na kushuka na mizigo ya chakula kutoka Marangu; tena palikuwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa na Wazungu wale wawili katika baridi ya kambi ya juu, kati ya Kibo na Mawenzi. Meyer amemtaja kwa jina, na ni haki kumshukuru kwa hilo. Wanaoifupisha hadithi ndio wamfutao. Wakisema “Meyer akarudi”, kurudi ni ushujaa. Mpagazi aliyerudi mara nyingi katika siku zile zile hasemwi kwamba alirudi. Husemwa kwamba alileta chakula. Tendo ni moja, lakini kwa mmoja lahesabiwa kuwa ushindi, na kwa mwingine kuwa utumishi.

Wala haiwezekani kutoa udhuru kwamba Waswahili hawakujua kusimulia safari zao. Mwaka wa 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo Selim bin Abakari alieleza safari yake ya Urusi na Siberia, nchi zenye baridi kupita Kibo. Ufundi ulikuwako, na lugha ilikuwako. Aliyekosekana ni mtu wa kumwuliza Mwini Amani.

Swali lilipoulizwa, lilikuwa limechelewa. Mwaka wa 1989, kwa ajili ya sherehe za miaka 100, kamati ilitafuta majina ya Waafrika waliofuatana na Meyer, ikampata mzee wa Marangu aliyekuwa hai, Yohani Kinyala Lauwo. Mzee huyo hakuwa na kumbukumbu ya Meyer wala ya Purtscheller, na umri wake hakuujua. Alikumbuka kwamba aliupanda mlima mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba katika safari moja hakuwa na viatu. Kamati ikakata shauri kwamba alikuwamo katika msafara wa 1889. Tangu hapo wako wasemao kwamba alisimama kileleni pamoja na Meyer.

Hapa mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Kosa la kumsahau mpagazi haliponywi kwa kumzulia kilele ambacho mwenyewe hakusema alikifikia. Kufanya hivyo ni kukubali kipimo kile kile cha zamani, kwamba mtu hana hadithi mpaka awe wa kwanza juu. Maneno ya mzee yatosha jinsi yalivyo: mara tatu, bila viatu. Ndani yake mna kurudi kwingi kuliko kule kunakosifiwa vitabuni, na hakuna aliyemwuliza kwa wakati wake kilichomrudisha, kama ni ujira, au amri, au mapenzi ya mlima.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mukendo apewapo tena hadithi ya kilele, na ahesabu waliorudi, si waliofika tu. Atakuta kwamba sehemu kubwa ya hadithi hiyo bado haijaandikwa.