Walenisi na Kunguru wa Mbagala

Wapo wasomaji wanaodhani kwamba riwaya za kisayansi, yaani zile zinazosimulia safari za angani, viumbe wa sayari nyingine na zama zijazo, ni burudani ya vijana tu, na kwamba mwalimu mstaafu angefaa kusoma mambo mazito zaidi. Sikubaliani nao. Mimi huzisoma barazani kwangu Mbagala, nikiinua macho mara kwa mara kuwatazama ndege wa uani, na shughuli hizi mbili zimenipa kipimo kimoja: ulimwengu mgeni huaminika pale tu unapokuwa na mambo yake wenyewe, yasiyomngoja mtazamaji.

Chozi anapofyonza ua la mgomba hafanyi hivyo ili anifurahishe. Shore hulitoboa papai siku moja kabla sijafikiria kulichuma. Minana huchana makuti ya mnazi na kufuma viota vyao, na wala hawamwulizi mwenye mnazi. Anayeketi kwa utulivu hufahamu polepole kuwa uani mwake pana mji mwingine, wenye saa zake, ugomvi wake na mipaka yake. Kazi ya mwandishi wa riwaya ya kisayansi ni kutuketisha barazani namna hiyo, mbele ya mji ambao haupo.

Kwa kipimo hicho nataka kuitazama Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995. Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kifo katika nchi ya dhuluma. Adhabu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Hafi. Anakimudu chombo kile na kutua katika ulimwengu mwingine, Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa, pasipo mnyonyaji wala mnyonywaji. Jina ni fumbo jepesi: wale ni sisi. Tunaowaona kule ni sisi wenyewe, kama tungetaka.

Sehemu ya hukumu na safari ina nguvu kubwa. Mkangi alijua anachokiandika, kwani mwaka 1986 yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika riwaya nyingi chombo cha angani ni ushindi wa elimu. Hapa ni jela iliyopewa injini. Mwandishi wa Kiswahili alichukua chombo kilichozoeleka katika vitabu vya Wazungu akakitia maana iliyotokana na maisha yetu. Anayesema kuwa fasihi hii ni ya kuigaiga tu na aisome sehemu hiyo.

Udhaifu unaanza baada ya kutua. Mgeni anauliza, wenyeji wanaeleza. Anashangaa, wanamweleza tena. Sehemu kubwa ya kitabu inakuwa darasa, nami niliyetumia maisha yangu katika vyuo vya ualimu nalijua darasa nikiliona. Wenyeji wa Walenisi wanaelekea kuishi ili wamfundishe Dzombo. Hatumwoni wa kutosha anayepita na shughuli zake bila kumjali mgeni, kama tipitipi anavyoivuka yadi yangu.

Hebu tulinganishe na Vita vya Walimwengu cha H.G. Wells, kitabu kilichotoka mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanashuka Uingereza na mitambo yao. Hawahutubii, hawaelezi lolote. Wanaunguza, wanakula, wanasonga mbele. Mapema kabisa Wells anawakumbusha Waingereza wenzake jinsi watu wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji wa Kizungu, kisha anayaacha matukio yaseme. Huko nako wale ni sisi, lakini msomaji anaachiwa alitambue mwenyewe. Na mwisho wavamizi wanauawa na vijidudu visivyoonekana, ambavyo hakuna jenerali aliyevipanga vitani.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninaloliona kila siku mwembeni. Katika miaka hiyohiyo ya 1890 kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India, wasaidie kusafisha taka. Ulikuwa mpango wenye nia njema. Kunguru hawakuusoma mpango. Wakazaana, wakafika bara, na leo Dar es Salaam ni yao kuanzia Kinondoni hadi Temeke. Wanakula taka, kweli, lakini wanakula pia mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vya anayefuga kuku. Wametegewa mitego, wamewekewa sumu, na bado asubuhi ndio wanaotuamsha. Viota vyao wanavijenga hata kwa vipande vya waya.

Nasema haya kwa sababu sisi wa rika langu tulikwisha kuahidiwa Walenisi. Tulilisoma Azimio la Arusha la mwaka 1967, tukafundisha Elimu ya Kujitegemea, tukaona vijiji vikihamishwa katika miaka ya 1970. Usawa uliotajwa ulikuwa mwema, na mimi bado nautamani. Lakini maelezo tulipewa mengi. Yaliyokosekana ni masimulizi ya siku ya pili: mvua ikichelewa katika kijiji kipya, shamba la zamani likiwa mbali, bwana mkubwa akitaka takwimu nzuri. Hapo ndipo riwaya ingetufaa kuliko hotuba, maana riwaya huweza kuuingiza mpango ndani ya nyumba ya mtu na kuona utakavyokuwa.

Walenisi haikuifanya kazi hiyo. Inatuonyesha jamii iliyokwisha kufaulu, wala haimruhusu kunguru kuingia. Hata hivyo naiweka juu katika kabati langu, kwa kuwa ina kitu ambacho Wells hana: imani kwamba mtu aliyehukumiwa anaweza kukishika chombo cha adhabu na kukielekeza kwingine. Wells anaogopa kesho, Mkangi anaidai. Baada yake wamekuja wengine, kama Said Ahmed Mohamed na Babu Alipofufuka mwaka 2001, na K.W. Wamitila na Bina-Adamu! mwaka 2002, waliozivuka kuta za uhalisia kwa njia zao.

Kwa kijana anayetaka kuandika ya kesho kwa Kiswahili nina ushauri mmoja. Ijenge sayari yako uitakavyo, uiwekee sheria njema kadiri unavyoweza. Kisha mwachilie humo kiumbe mmoja asiyejua lengo lako, mwenye njaa na makinda ya kulisha, nawe ukae kimya uone atajenga wapi.