Mwamba wa Rhino Point na hesabu ya siku ya nne

Wengi wanaopanga kupanda Mlima Meru huanza na bei. Siku tatu au nne? Ada za Hifadhi ya Taifa ya Arusha zinahesabiwa kwa siku, kwa hiyo anayetaka kubana matumizi huchagua tatu, na mwenye nafasi huongeza moja akidhani analipia mapumziko. Kwa maoni yangu siku ile ya nne inalipia kitu kingine kabisa: inaamua saa ya kuondoka usiku wa kileleni, na saa hiyo ndiyo inayoamua utakutana vipi na kipande cha mwamba kilicho jirani na mahali paitwapo Rhino Point.

Meru ni volkano iliyobomoka ubavu wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Kilichobaki ni ukuta uliopinda kama kiatu cha farasi, na ndani yake kuna kilima cha majivu kilichoota baadaye. Njia haipandi ubavu moja kwa moja hadi juu kama watu wanavyozoea kuufikiria mlima. Inatoka lango la Momella, mita 1,500 hivi, inapita msituni hadi mabanda ya Miriakamba kwenye mita 2,514, kisha mabanda ya Saddle kwenye mita 3,570. Kuanzia hapo mtu anatembea juu ya ukingo wa kreta, shimo likiwa mkono wa kushoto, hadi Socialist Peak, mita 4,562.

Ukitoa 3,570 kwenye 4,562 unapata mita 992, na karatasi nyingi za safari zinaishia hapo. Hesabu hiyo inadanganya. Ukingo una mabonde madogo na vinundu. Unapanda, unapoteza ulichopanda, unapanda tena. Wakati wa kwenda hilo linaudhi tu. Wakati wa kurudi linauma, kwa sababu mtu aliyekwisha kusema moyoni kwamba kazi imekwisha anajikuta ana vilima vya kupanda kabla ya kuliona paa la Saddle. Anayepanga muda wa kurudi kwa kukata nusu ya muda wa kwenda ajue kuna sehemu ambazo kurudi hakupungui hata kidogo.

Sasa mwamba wenyewe. Kutoka Saddle hadi Rhino Point ni mwendo wa dakika sitini hadi tisini kwa mguu wa pole pole. Karibu na hapo njia ya majivu na changarawe inakatika na unapita kwenye mwamba ulioinama, penye minyororo ya kushikilia. Si ukweaji wa kamba na vyuma. Mtu mwenye afya ya kawaida anapita. Lakini hapa hutembei tena, unaparamia, na kanuni zinabadilika. Viungo vitatu kati ya vinne viwe vimeshika muda wote: unahamisha mkono au mguu mmoja tu kwa wakati. Mnyororo unashikwa kwa ajili ya mizani, uzito unabaki miguuni. Anayejining'iniza kwenye mnyororo anaondoa uzito miguuni, na hapo ndipo soli inapoteleza.

Vitu vidogo vinahesabika sana mahali hapa. Glovu za sufu zilizokufaa Saddle zinateleza kwenye chuma baridi. Zinatakiwa zenye kiganja cha mpira au ngozi. Fimbo za kutembelea zikunjwe na kufungwa kwenye begi kabla ya kufika, zisiachwe zikining'inia kwenye kifundo cha mkono zikikwama kila penye ufa. Na watu wapite mmoja mmoja, wa nyuma asisimame chini ya wa mbele, maana jiwe dogo likichomolewa na kiatu halina adabu.

Tatizo la ratiba ya siku tatu linaonekana ukiihesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Siku ya tatu lazima ufike Momella kabla ya giza, kwa sababu chini ni msitu wa nyati na tembo, na ndiyo maana askari wa hifadhi mwenye bunduki husindikiza kila kundi. Kutoka kileleni hadi lango ni mita 3,062 za kuteremka kwa siku moja. Ili hilo liwezekane, lazima uwe umerudi Saddle saa nne asubuhi. Ili uwe Saddle saa nne, lazima uwe kileleni macheo. Ili uwe kileleni macheo, unaondoka saa saba au saa nane usiku. Matokeo yake unafika kwenye mwamba katikati ya usiku, katika baridi kali, usingizi haujatoka machoni. Katika usiku wa kiangazi wenye mbingu safi, unyevu ulio juu ya jiwe unaweza kuganda, na kwa mwanga wa tochi ya kichwani barafu nyembamba haitofautiani na jiwe lililolowa.

Kuna viongozi wanaoamini giza ni msaada: mtu asiposhuhudia shimo haliogopi. Nawaelewa, na kwa mtu mmoja mmoja ni kweli. Lakini mtu huyohuyo atapita hapo tena asubuhi wakati wa kurudi, na mara hii ataliona. Ataliona kwa mara ya kwanza akiwa anashuka, magoti yakitetemeka, baada ya saa kadhaa mahali ambapo shinikizo la hewa ni chini kidogo ya asilimia 60 ya lile la pwani. Hofu haikuondolewa, imeahirishwa hadi wakati mbaya zaidi. Mimi ningependelea mtu alione eneo hilo anapokwenda, nguvu zikiwepo, ajue mnyororo unaanzia wapi na hatua ya kwanza ya kushukia iko wapi.

Ratiba ya siku nne inaruhusu hilo. Siku ya tatu unalala Miriakamba, si nyumbani, kwa hiyo una saa za ziada. Unaweza kuondoka Saddle saa kumi na nusu alfajiri na kufika kwenye mwamba weupe wa kwanza unapotokea. Macheo utayaona ukiwa ukingoni, Kilimanjaro ikiwa mbele ya jua upande wa mashariki, na sioni upungufu wowote kwa picha. Gharama ipo, tusijidanganye: utafika kileleni saa tatu au saa nne asubuhi, na mawingu ya Meru yana tabia ya kupanda kadiri asubuhi inavyosonga. Unaweza kufika juu usione kitu, na ukarudi kwenye mwamba katika ukungu. Hata hivyo ukungu wa mchana kwenye njia uliyokwisha kuiona ni afadhali kuliko barafu ya usiku kwenye njia usiyoijua. Masika, Machi hadi Mei, hesabu hii yote haina maana. Mwamba umelowa saa zote.

Siku ya nne pia haitibu kila kitu. Mwongozo wa kawaida wa tiba ya milimani unasema ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni mita 1,056. Ratiba zote mbili zinavunja kanuni hiyo. Kinachosaidia kidogo ni kutumia alasiri ya siku ya pili kupanda Little Meru, mita 3,820, kisha kurudi kulala Saddle. Anayebaki kitandani kwa madai ya kutunza nguvu anaikosa dawa hiyo.

Jambo la mwisho linapangwa jioni hiyo hiyo ya siku ya pili, juu ya meza ya chakula, na ndilo linalosahaulika kuliko yote: nani atarudi na nani. Kundi la watu watano lenye kiongozi mmoja haliwezi kugawanyika. Mmoja akishindwa Rhino Point, ama wote wanarudi, ama anavutwa mbele kwa maneno matamu. Kwa hiyo kiongozi msaidizi aombwe tangu siku ya kulipia, mkiwa bado mjini. Na saa ya kugeuka itajwe wazi mbele ya kiongozi na askari, hasa kama makundi madogo yameunganishwa chini ya askari mmoja, kwa kuwa kundi jirani linaweza kuwa la siku tatu na linataka kuondoka saa saba.