Waya wa Kipimo Uliogeuzwa Matengenezo

Kazi iliyofanywa kwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 4A-FE, ambayo iliwaka kwa stata na kuzima mara tu ufunguo uliporudi, ilianza vizuri: betri ilipimwa, fyuzi zikakaguliwa, kisha miguu ya +B (umeme) na Fp (pampu) ikaunganishwa kwa waya kwenye soketi ya vipimo iliyo chini ya boneti, na pampu ya mafuta ikanguruma. Kosa lilifuata hapo, nalo halina utetezi, kwa kuwa waya huo wa kipimo uliachwa humo humo, ukazungushiwa tepu, na gari likakabidhiwa kwa mwenyewe kana kwamba limepona.

Dalili yenyewe ilikwisha kuonyesha hitilafu ilipo. Rilei ya pampu katika gari hilo ina koili mbili, yaani nyaya zilizosokotwa ambazo zikipata umeme huwa sumaku na kuzivuta kontakti zigusane: ya kwanza hulishwa na stata, na ya pili hufanya kazi pale kontroboksi, ambayo ni kompyuta ya injini, inapouunganisha waya wa Fc na ethi baada ya kupokea ishara kwamba injini inazunguka. Injini iliwaka kwa stata, kwa hiyo pampu na kontakti za rilei zilikuwa nzima. Cheche zilikuwapo, kwa hiyo ishara ya mzunguko ilikuwa ikifika kontroboksi. Vilivyobaki kushukiwa ni koili ya pili, waya wa Fc, na transista inayouvuta waya huo kutoka ndani ya kontroboksi. Kuvitenganisha hivyo vitatu kulihitaji tu kuwasha swichi bila kupiga stata na kuugusisha mguu wa Fc wa rilei kwenye ethi: rilei ikilia na pampu ikafuata, koili ni nzima na msako unahamia kwenye waya, kisha kontroboksi; rilei ikinyamaza ilhali umeme unaifikia, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Ubaya wa kuuacha waya huo, yaani kuunga dairekti kama gereji zinavyosema, ni kwamba kunaondoa ulinzi. Injini inapozimika katika ajali huku swichi ikiwa bado imewashwa, kontroboksi hukosa ishara, huiachia rilei, na pampu husimama. Palipoungwa dairekti, pampu huendelea kusukuma petroli kwa shinikizo hata kama bomba limepasuka karibu na ekzosi yenye moto. Injini za kabureta kama 4K zilikuwa na pampu iliyoendeshwa na kamshafti, ikasimama pamoja na injini, na baadhi ya injini za 4A-GE za mwanzo ziliweka kontakti ya Fc ndani ya mita ya hewa, ili hewa isipopita pampu isifanye kazi. Mafundi umeme wa enzi hizo, waliokuwa na taa ya majaribio na mchoro wa nyaya tu, waliufuata umeme mguu kwa mguu hadi unapokatikia, wakati wengi wa leo husubiri mashine iwatajie kodi, na isipotaja huishia kuunga dairekti.

Mwenye gari la aina hiyo anayesikia pampu ikilia bila kukoma kila anapowasha swichi, injini ikiwa haijawaka, alirudishe gereji, adai waya wa kipimo uondolewe, na asilipe mpaka mzunguko wa Fc upimwe mbele yake.