Baada ya Harusi: Penzi Lililokatazwa katika Riwaya ya Kristin Lavransdatter

Mwanzoni mwa karne ya 14, Dante wa Italia alitunga utenzi mrefu juu ya safari ya kuzimu, toharani na mbinguni. Huko kuzimu anakutana na Francesca, mke wa mtu, aliyeuawa pamoja na Paolo, ndugu wa mumewe. Dante anamwuliza penzi lao lilianzaje. Francesca anaeleza kwamba siku moja walikuwa wawili peke yao wakisoma kisa cha Lancelot, shujaa aliyempenda mke wa mfalme wake. Walipofika kwenye busu la kisa kile, wao nao wakabusiana, na kitabu kikawekwa kando. Lawama anamtupia aliyekiandika. Dante hamtoi kuzimu, lakini akisha kumsikia anazimia kwa huruma.

Wengi wetu tumefundishwa kukubaliana na Francesca: kitabu ndicho kilichomponza. Hata hivyo, Biblia yenyewe inasimulia habari za Daudi na Bathsheba bila kuficha kitu, na hatujapata kusikia mchungaji akisema ukurasa huo uchanwe. Basi kusimulia dhambi si kosa. Tunaona kwamba kasoro ya hadithi nyingi za mapenzi yaliyokatazwa ni nyingine: zinakoma mapema mno.

Mpango wake tunaujua. Ni zama za kati, kuna ngome, kuna binti aliyekwisha kuposwa na mtu asiyempenda, kuna baba mkali, na mara nyingi kuna padri mwenye moyo wa jiwe. Anatokea kijana aliyepanda farasi. Msomaji anaomba mlango ufunguke, unafunguka, wapenzi wanaoana au wanakufa wakiwa wamekumbatiana, na kitabu kinafungwa. Katazo lilikuwa adui, nalo limeshindwa. Hakuna anayeulizwa nani alilipa gharama.

Hata historia haikuwa nyepesi kiasi hicho. Kanisa la zama hizo lilifundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, si ya baba zao. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulikataza ndoa za siri na kuagiza ndoa zitangazwe kanisani kabla ya kufungwa, ili mwenye pingamizi aseme. Sheria hiyo iliwabana wapenzi, lakini pia iliwalinda wasichana waliodanganywa gizani na kuachwa mchana.

Mwandishi mmoja aliyeijua dunia hiyo kwa undani ni Sigrid Undset wa Norwe. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, akafariki binti akiwa na miaka 11. Mwaka 1915 Undset alisimulia upya kwa lugha yake hadithi za mfalme Arthur na mashujaa wake, kwa hiyo mapenzi ya namna ya Lancelot hayakuwa mageni kwake. Kisha, kati ya mwaka 1920 na 1922, akatoa juzuu tatu za riwaya ya Kristin Lavransdatter: Shada, Mke wa Nyumba, na Msalaba. Mwaka 1924 alipokewa katika Kanisa Katoliki, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Juzuu ya kwanza inaanza kama tulivyozoea. Norwe ya karne ya 14, Kristin ni binti kipenzi wa Lavrans, mkulima mwenye heshima na mcha Mungu. Ameposwa na Simon, kijana mwema. Akiwa amepelekwa kukaa mwaka mmoja kwa watawa wa kike mjini Oslo, anampenda Erlend, bwana mwenye sura nzuri na sifa mbaya, aliyeishi miaka mingi na Eline, mke wa mtu, na kuzaa naye watoto wawili. Kristin anajitoa kwa Erlend kwa siri, anavunja uchumba na Simon, anapambana na baba yake mpaka baba anachoka. Harusi inafanyika. Bibi arusi amevaa taji la dhahabu na nywele zimeachiwa, kama mwanamwali, na tumboni ana mimba.

Wengine wangeishia hapo. Undset anatupeleka kwenye chumba cha wazazi usiku ule ule. Lavrans amekwisha kutambua kwamba binti yake alikuwa wa Erlend kabla ya siku hiyo. Mkewe, Ragnfrid, aliyekaa naye miaka mingi kwa huzuni asiyoieleza, sasa anamfunulia kwamba yeye mwenyewe hakuwa mwanamwali alipoolewa naye. Nje watu wanasherehekea. Ndani mzee mmoja anapokea mapigo mawili kwa usiku mmoja. Katika riwaya za aina hii ni mara chache sana msomaji kuoneshwa uso wa baba baada ya kushindwa. Na huyu si baba mkatili. Ni mtu aliyependa.

Kuna anayelipa zaidi ya baba. Eline anakufa kwa kisu, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya Erlend na Kristin, baada ya jaribio lake la kumnywesha Kristin sumu kugunduliwa. Wapenzi wanaificha habari ile na kuendelea na mipango yao. Hapa tuna neno la kulalamika: Undset, anayemhurumia kila mtu, hampi Eline machozi ya kutosha. Vilevile juzuu ya pili ina kurasa nyingi za njama dhidi ya mfalme, na msomaji asiyejua siasa za Norwe huchoka.

Lakini ubora wa riwaya hii uko mbele zaidi, nasi tunadhani ndipo waumini wengi wanaisoma visivyo. Husema: ni hadithi ya dhambi ya ujana na adhabu yake. Sivyo. Kristin anaitubu dhambi ile mapema. Baada ya kujifungua anatembea miguu mitupu mpaka Nidaros, kwenye kaburi la Mtakatifu Olav, akiwa amembeba mtoto, na kulitoa sadaka taji aliloona hakustahili kulivaa. Anapokea ondoleo na kurudi nyumbani.

Alichorudi nacho nyumbani ni daftari la madeni. Toba yake aliimaliza kwa Mungu, lakini kwa Erlend hakusamehe. Kila uzembe wa mume, kila shamba lililopotea, kila neno la kejeli, analiweka moyoni na kulitoa siku ya ugomvi. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba upendo hauweki hesabu ya mabaya. Kristin alikuwa mhasibu hodari. Siku moja anamwambia Erlend kwamba hafai kukaa katika kiti cha baba yake, Lavrans. Erlend anatoka na kwenda kuishi peke yake mlimani, Haugen. Ni Simon, yule mchumba aliyeachwa, ambaye akiwa kitandani pa mauti anamwomba Kristin aende akapatane na mumewe. Anakwenda, wanapendana tena siku chache, lakini hakuna anayekubali kushuka: yeye hataki kubaki, mume hataki kurudi. Erlend anarudi mwishoni tu, watu wanapomzushia mkewe uzinzi, na anauawa akimtetea.

Tazama basi jinsi mwandishi alivyoligeuza swali. Penzi lililokatazwa lilivunja mioyo ya Lavrans na Simon. Ila kilichoivunja nyumba ni ndoa halali, iliyobarikiwa kanisani, ambamo mtu mmoja hakutaka kusamehe. Dhambi ya pili haina aibu mtaani. Hakuna anayetengwa na ushirika kwa sababu ya kinyongo. Ndiyo maana ni hatari.

Mwisho unakuja na tauni, mwaka 1349. Kristin, sasa mjane, anaishi karibu na watawa. Watu kwa hofu wanataka kumzika mtoto maskini akiwa hai ili kuituliza tauni. Anamwokoa. Wanamdhihaki: nani basi atakwenda kuichukua maiti ya mama wa mtoto huyo, anayeoza kibandani? Anakwenda yeye usiku ule, na tauni inampata. Anapokaribia kufa anatoa vitu viwili vya thamani alivyobaki navyo, msalaba aliopewa na baba na pete ya Erlend, vilipie misa kwa ajili ya marehemu yule, kwa desturi ya kanisa la wakati huo. Pete inapovuliwa, kidoleni imebaki alama ya herufi M iliyochongwa ndani yake, alama ya Mariamu. Anatambua kwamba miaka yote hiyo, ndani ya penzi lililoanza vibaya na ndoa aliyoiendesha kwa uchungu, alikuwa ametiwa alama ya mtumishi wa Mungu, naye hakuiona.

Undset hakuifuta sheria, wala hakusema kwamba mapenzi yanahalalisha yote. Lakini pia hakumfanya Mungu kuwa mdai anayengoja riba. Neema haikungoja Kristin awe na historia nyingine. Ilipitia pete ile ile.

Katika sharika zetu tunajua kusema hapana kwa vijana, na mara nyingi tuna sababu. Harusi ikisha kufanyika, iwe kwa baraka zetu au bila baraka zetu, sisi huvunja kamati na kuondoka. Wanabaki wawili, na daftari. Pengine kazi ya kanisa inaanzia pale riwaya nyingi zinapokomea: kubisha hodi katika nyumba iliyoanza vibaya, kama Simon alivyofanya kwa pumzi zake za mwisho, na kusema, nenda ukapatane naye.