Mbingu za Hanoi Mezani: Uhakiki wa Mchezo wa Downtown

Katika lugha yetu neno mchezo hubeba maana mbili. Kuna mchezo wa kete au mpira, na kuna mchezo wa kuigiza. Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuhakiki huo wa pili, na ule wa kwanza tunawaachia watoto. Katika toleo hili tunapenda kuonyesha kwamba hata mchezo wa mezani una wahusika, mgogoro na mtazamo, na kwamba zana tunazozitumia kuchambua tamthilia zinaufaa pia. Tumechagua Downtown, mchezo wa kivita uliobuniwa na Lee Brimmicombe-Wood na kutolewa na kampuni ya GMT Games ya Marekani mwaka 2004. Mada yake ni vita vya angani juu ya Hanoi, uliokuwa mji mkuu wa Vietnam ya Kaskazini, kati ya mwaka 1965 na 1972.

Tuanze na fani. Mchezo una ramani iliyogawanywa katika vyumba vidogo vya pembe sita, vibao vya kadibodi, dadu na kitabu cha kanuni. Wachezaji ni wawili. Mmoja anaongoza ndege za Marekani: hupanga njia ya kuendea shabaha na ya kurudia, huku akiamua ndege zipi zibebe mabomu na zipi zisindikize. Kibao kimoja huwakilisha kundi la ndege 1 hadi 4. Mwenzake anailinda Hanoi kwa ndege za MiG, mizinga, na makombora ya Kisovieti aina ya SA-2. Wawili hawa hawalingani kwa nguvu wala kwa kazi, na hapo ndipo uhai wa mchezo ulipo.

Msomaji anayecheza bao, au mweso kama tunavyouita hapa Uganda, ataona tofauti mara moja. Katika bao kila kete iko wazi, na anayeshinda ni yule anayehesabu mbali zaidi. Katika Downtown mlinzi huficha silaha zake na kuchanganya vibao vya uongo miongoni mwa vya kweli. Kanuni hii haikuwekwa ili kuunogesha mchezo tu. Katika vita vyenyewe Wavietnam walikuwa wakihamisha makombora yao na kujenga mifano ya mianzi, ili rubani atupe mabomu yake bure.

Mgogoro mkuu, kwa maoni yetu, umo ndani ya rada. Kombora la SA-2 huongozwa na rada iliyoko ardhini. Rada ikizimwa, mlinzi ni kipofu. Ikiwashwa anamwona adui, lakini naye anajifichua, kwa maana ndege maalumu za Marekani zilizoitwa Wild Weasel zilibeba makombora ya Shrike yaliyofuata mawimbi ya rada hadi yanakotoka. Mchezaji hukaa akijiuliza: niwashe sasa au ningoje kidogo? Mwanafunzi wa tamthilia anaijua hali hii. Ni mhusika anayejua kwamba neno lake la kwanza litaonyesha mahali alipojificha.

Mchezo pia unatufundisha kwamba silaha isiyopiga shabaha inaweza kufanya kazi kubwa. Ndege ya kwanza ya Marekani kutunguliwa kwa SA-2 nchini Vietnam ilianguka tarehe 24 Julai 1965. Tangu hapo marubani wengi waliruka chini zaidi ili kuyakwepa makombora, na huko chini mizinga ilikuwa ikiwangoja. Mizinga ndiyo iliyoangusha ndege nyingi zaidi kuliko makombora. Kitabu cha historia kinaweza kuyaeleza hayo kwa aya moja. Mchezaji huyaelewa kwa kupoteza ndege zake.

Hata hivyo, tukigeukia mtazamo, tunaona kasoro, nayo inaanzia kwenye jina. Kwa Kiingereza cha Marekani, downtown ni katikati ya mji, kwenye maduka na starehe. Marubani wa Marekani waliliazima neno hilo kuitaja Hanoi. Kombora la SA-2 wakaliita nguzo ya simu inayoruka. Nayo mashambulizi ya mwaka 1972 yaliitwa Linebacker, yaani nafasi ya mchezaji katika mpira wa miguu wa Kimarekani. Kwa hiyo kabla kadibodi haijakatwa, wenye vita walikuwa wamekwisha kuviita mchezo. Wavietnam, kwa upande wao, huyaita mapigano ya tarehe 18 hadi 29 Desemba 1972 Dien Bien Phu ya angani, kwa kukumbuka mahali walipowashinda Wafaransa mwaka 1954. Hata hesabu za mapigano hayo hazipatani: Marekani inakiri kupoteza ndege 15 za B-52, ilhali Vietnam inataja 34. Downtown unamkalisha mchezaji kwenye kiti cha Mvietnam, lakini jina lililoandikwa mlangoni ni la rubani.

Kiswahili nacho hakina usafi kamili katika jambo hili. Tunasema kutungua ndege, kwa kitenzi kilekile cha kutungua embe. Tunasema ndege za kusindikiza, kama anavyosindikizwa mgeni hadi barabarani. Ni maneno mazuri, mafupi, na tunawahimiza wafasiri wayatumie. Lakini ndani ya ndege ya F-4 iliyotunguliwa mlikuwa na watu wawili, na neno letu haliwataji.

Wasiotajwa zaidi ni wakazi wa mji. Tarehe 22 Desemba 1972 hospitali ya Bach Mai ilipigwa mabomu, na usiku wa tarehe 26 mtaa wa Kham Thien ulibomolewa, watu zaidi ya 200 wakafa. Mkazi wa Kham Thien hana kibao katika mchezo huu, wala hana zamu. Wapo watakaosema kwamba mbunifu ana haki ya kuchagua mipaka ya kazi yake, nasi tunakubali, kwani hakuna tamthilia inayowapandisha wote jukwaani. Lakini tamthilia nzuri huacha sauti kutoka nje ya jukwaa isikike. Mchezaji wa Downtown anaweza kumaliza jioni nzima akijua vizuri kwa nini kundi fulani la ndege lilirudi nyuma, bila kujiuliza ni nani aliyekuwa akiishi chini ya njia yake.

Kwa kifupi, tunauona mchezo huu kuwa kazi ya uangalifu mkubwa, na tungependa ufike madarasani. Walimu watakaoupata wanaweza kujaribu zoezi moja. Baada ya mchezo, wanafunzi watatu waandike masimulizi ya shambulio hilohilo: wa kwanza kama rubani, wa pili kama askari wa kombora, wa tatu kama mkazi wa mtaani. Wawili wa kwanza watapata maelezo yote mezani. Wa tatu itambidi aende maktaba.