Opkg na ruta yako: amri tamu, nafasi finyu

Una ruta ya zamani kabatini? Hebu itoe. Huenda ukaifufua kwa OpenWrt, mfumo huria ulioanza mwaka 2004, baada ya leseni ya GPL kuibana Linksys itoe msimbo wa ruta yake ya WRT54G. Kwa miaka mingi OpenWrt ilitumia opkg kuweka programu: unaandika amri moja, kifurushi kinaingia. Raha, si ndiyo?

Mimi naipenda opkg, ila nina ugomvi nayo. Inakuzoesha kudhani ruta ni kompyuta ndogo tu. Siyo. Programu zilizokuja na mfumo zimebanwa ndani ya squashfs, sehemu inayosomeka lakini haiandikiki. Unachoongeza kinakaa tabaka la juu yake. Sasa ukiboresha programu hizo, toleo jipya linaandikwa juu, la zamani linabaki palepale chini. Ni kama kununua godoro jipya ukalitandika juu ya lile kuukuu. Hata ukizifuta, hupati nafasi yoyote. Kwenye ruta yenye hifadhi ya MB 4, nafasi inaisha upesi, na ikiisha katikati ya kazi unaweza kubaki na kifaa kilichovurugika.

Watengenezaji wenyewe wanashauri usiboreshe vifurushi vyote kwa mkupuo. Weka mfumo mzima mpya. Sawa kabisa. Lakini mbona opkg inaipokea amri hiyo bila kukuonya?

La pili ni zito zaidi. Tangu 2017 hadi Januari 2020, nafasi moja tupu iliyotangulia alama ya uhakiki ya SHA-256 kwenye orodha ya vifurushi iliifanya opkg iruke ukaguzi. Vifurushi vilishushwa kwa HTTP, kwa hiyo aliyejipenyeza kati yako na seva angeweza kukupa kifurushi chake, na kikaingia. Orodha ilikuwa na sahihi, mzigo haukukaguliwa. Yaani mlinzi kasoma barua ya gari, buti hakufungua.

Mwishoni mwa 2024 tawi kuu la OpenWrt lilihamia apk, meneja wa vifurushi wa Alpine Linux. Ni hatua nzuri, maana opkg ilishakosa watunzaji. Ila apk nayo haitapanua hifadhi yako. Basi kabla hujagusa kitu, andika df -h, tazama kilichobaki, ndipo uamue.